Kikohozi cha Jina la Nne

Kingstanding, Birmingham
Jumanne, 10 Juni 2025

Kwa Baba Fardowsa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima. Hali yako sikuulizi, najua unaye wa kukuuliza.

Simu nimekufungia na sitaifungua. Kwenye simu una ulimi wa dereva wa teksi, unamzungusha mtu mpaka anasahau alikokuwa akienda. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulipokuwa wachumba, wewe Nairobi na mimi Isiolo, kwa sababu hapa kwa kaka Abdow kila karatasi ina macho. Wifi anasoma Kisomali, watoto wao wanasoma Kiingereza. Kiswahili hakuna wa kukisoma ila mimi na Abdow, na Abdow hasomi hata bili zake.

Nimesusa, na sababu unaijua, lakini nitaiandika usije ukawaambia watu nilinuna kwa ajili ya nyama. Siku ya Idi ulimleta Bernadette nyumbani kwangu. Ukamkalisha kwenye kiti changu cha dirishani. Nikasema moyoni, mgeni ni mgeni. Ukampakulia kabla ya kaka yangu. Nikavumilia. Kisha ukasimama na glasi ya sharubati mkononi, mbele ya watu wetu wote, ukaanza kumhesabia mababu zake: Donnchad mwana wa Gilla Pátraic, mwana wa Donnchad, mwana wa Cellach, mwana wa Cerball, mwana wa Dúnlang. Wafalme wa Osraige, ufalme wa kale wa Ireland ambao hata Waireland wa Kings Heath wengi wao hawaujui. Hukukwama hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Yeye akashika kifua, macho yakamlowa.

Halafu akanigeukia, akauliza na mababu zangu mimi ni akina nani. Nikakutazama wewe, maana mume wangu ndiye aliyekuwa na glasi ya kuhesabia. Ukaanza vizuri. Najmo binti Dakane, mwana wa Gedi, mwana wa Shurie. Kisha ukakohoa. Ukaomba maji, ukanywa, ukauliza kama kuna anayetaka chai. Watu wakacheka. Mohamedamin, mpangaji mwenzako wa zamani, alicheka mpaka akafuta machozi.

Abdullahi, kwetu mtoto anajua kuhesabu mababu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tumeoana tangu Fardowsa hajazaliwa, na leo huyo Fardowsa anaposwa. Katika kila harusi na kila akika uliyosimama kunihesabia, umekohoa pale pale, kwenye jina la nne. Nilidhani kichwa chako hakishiki majina. Kumbe kinashika, tena ya Kiairishi.

Abdow anasema huu ni wivu. Ndiyo, ni wivu. Nina wivu mwingi, na sioni haya kuusema.

Najmo Dakane


Kings Heath, Birmingham
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Mama Fardowsa,

Waalaykum salaam. Kiti chako cha dirishani kiko wazi. Nimekiwekea mto juu ili mtu asikikalie kwa bahati mbaya.

Bernadette Fitzpatrick ana miaka sabini na sita. Anatembea kwa fimbo, na nyonga yake moja ni ya chuma. Alikuwa abiria wangu wa kliniki, ndipo akaniambia kwamba kila Alhamisi anafundisha historia ya kwao kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaingia siku moja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na abiria hawakuwapo. Nikakaa. Hiyo ndiyo siri yote.

Ungekuwapo ungeelewa. Osraige haukuwa ufalme mkubwa. Ulikaa kati ya mito miwili, Barrow upande wa mashariki na Suir upande wa magharibi, na mto wa tatu, Nore, ukipita katikati kama mshono wa kanzu. Kaskazini kuna milima ya Slieve Bloom. Huku Munster, kule Leinster, wakubwa wawili, na wao wamebanwa kati yao na ng'ombe zao. Asili yao hata wenyewe hawakuisimulia kwa namna moja. Wengine wanasema wametokana na mtu aitwaye Aengus Osrithe. Wengine wanasema jina lao maana yake ni watu wa kulungu. Zamani walihesabiwa pamoja na Munster, baadaye wakageukia Leinster. Nikisikia hayo naona malisho ya kwetu na visima vyetu, basi nasahau kwamba niko Birmingham.

Kikohozi changu ni vumbi la teksi. Usikipe maana ambayo hakina.

Sasa na mimi niulize langu. Fardowsa ameniambia kwamba Mohamedamin anakupeleka kazini Erdington kila asubuhi, na kwamba amekuletea boksi la maembe ya Pakistani. Boksi zima. Mtu aliyekuposa kabla yangu akakataliwa, leo anakubebea maembe, nami ndiye ninayeulizwa habari za bibi mwenye nyonga ya chuma. Lisemwalo lipo, Najmo, kama halipo laja.

Wazee wa kina Tahlil wanakuja kumposa Fardowsa Jumamosi ya tarehe 28. Mama wa binti asipokuwapo, nitawaambia nini?

Mumeo,
Abdullahi


Kingstanding
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwa Baba Fardowsa,

Vumbi! Sijapata kusikia vumbi linalojua kuhesabu mpaka nne.

Maembe yalikuwa matamu. Nimekula mawili, mengine wifi amesaga sharubati. Mohamedamin ana gari na anapita njia hiyo hiyo, na kazi ya kutunza wazee inaanza saa moja asubuhi. Ulitaka nisimame kituoni nikimsubiri nani, Cerball?

Umri wa Bernadette usinitajie. Hujanikuta nikisema unalala kwake. Ningekuwa na wivu wa namna hiyo ungekwisha poa, maana wewe na goti lako mnafika wapi? Wivu wangu ni mwingine, na Alhamisi nimeuona kwa macho.

Ndiyo, nilikuja. Nilitoka kazini nikapanda mabasi mawili hadi Kings Heath, nikasimama ng'ambo ya ukumbi, kwenye duka la Kamaljit, nikijifanya nachagua vitunguu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa joto. Bernadette alikuwa amekaa, wewe ndiye uliyesimama ubaoni. Ulichora mito yako, ukachora milima, ukawaonyesha watu walipopita na mifugo na mahali mpaka ulipohama. Ulikuwa unacheka. Mikono yako ilikuwa inaongea yenyewe. Wale wazee wa Kizungu walikutazama kama watoto wa chuo wanavyomtazama maalimu. Nikasema moyoni, huyu mwanamume ni nani? Mbona mimi sijawahi kuletewa huyu nyumbani? Mimi huletewa mtu anayevua viatu na kuuliza chai iko wapi.

Kamaljit akaniuliza kama kuna tatizo na vitunguu. Nikanunua nisivyovihitaji.

Yule mama ana mababu walionyooka mpaka juu kabisa, tena wafalme, na bado amepewa mume wangu amhesabie. Mimi sina hata mmoja wa kunifikisha jina la tano.

Tarehe 28 sitakuja. Wazee watauliza habari za wajomba wa binti, kama ilivyo desturi. Abdow atakuwapo, yeye ndiye mjomba, atahesabu upande wetu. Mimi mwambieni Tahlil naumwa.

Najmo Dakane


Kings Heath
Alhamisi, 19 Juni 2025

Mama Fardowsa,

Leo sikwenda darasani, nimekaa nakuandikia.

Jana nilifanya kama inavyotakiwa. Mke akisusa, mume haendi peke yake, huenda na wazee. Nikavaa kofia, nikawachukua wazee wawili wa msikitini, wenye heshima zao, nikawaleta mpaka Kingstanding kwa teksi yangu mwenyewe. Nikabisha mlango. Akafungua nani? Mohamedamin. Miguuni amevaa ndara za Abdow, mkononi ana kitambaa cha kufutia, kama mwenye nyumba. Akatukaribisha ndani. Mimi, akanikaribisha!

Wewe ukakataa kushuka. Tukanywa chai tukasikiliza nyayo zako huko juu. Mzee mmoja akasema tuwahesabie wa nyumba hii mababu zao kwa heshima, huenda moyo wako utalainika. Nyayo zikanyamaza. Kisha tukasikia mlango umebamizwa, na chai yangu ikamwagika kwenye suruali.

Sikulala kwa hasira. Nimemwona yule mtu akicheka siku ya Idi, na nimemwona jana na ndara. Kama umechagua, niambie. Mimi si mtoto.

Fardowsa naye ameninunia. Nilimwomba ushauri, akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Aabo, just go get her, but like, on your own." Eti nikakuchukue tu, lakini peke yangu. Sijui amelelewa na nani.

Abdullahi


Kingstanding
Jumamosi, 21 Juni 2025

Kwa Baba Fardowsa,

Bomba la jikoni lilipasuka. Mohamedamin ni fundi bomba, hilo unalijua tangu mlipokuwa mnapanga nyumba moja Selly Oak. Viatu vyake vilikuwa vimelowa. Nimekueleza mara moja, sitarudia. Lakini nakiri kwamba nilifurahi kusikia chai imekumwagikia, na nilifurahi zaidi kusikia hukulala.

Mlango niliubamiza mimi. Mzee wako alipotaja kuhesabu, nilishindwa kujizuia.

Sasa soma vizuri. Jana Bernadette alikuja hapa. Peke yake, kwa mabasi mawili, na fimbo yake. Nilipomwona mlangoni nilitaka kumfungia, lakini alikuwa anahema, basi nikamletea kiti na maji. Akasema amesikia ameleta ugomvi na amekuja kuutoa. Nikamwambia hana ugomvi na mtu, kwa sauti ambayo kila mwanamke anaijua.

Akaniambia jambo. Anasema kila Alhamisi, wenzako wakishatoka, unabaki kupanga viti, na kila mara unamuuliza swali moja. Anasema wasomi wa siku hizi wanaona kwamba watu wa Osraige hawakuwa wa damu ya Leinster tangu mwanzo. Waandishi wao ndio waliowaunganisha na babu wa Leinster wakati wafalme wao walipotaka kiti cha kule. Waliazima babu. Anasema wewe unamuuliza: je, waliona aibu? Mabinti zao walipoolewa, waliona aibu penye hesabu?

Bernadette alidhani ni swali la historia. Akaniuliza mimi, mkeo, kwa nini linakuhangaisha hivyo.

Nilimwambia sijui. Alipoondoka nikakaa pale pale sebuleni mpaka wifi akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Abdullahi, kwa nini uliuliza hivyo? Nani amekwambia nini? Nijibu sawasawa, na usinitajie vumbi.

Najmo


Kings Heath
Jumatatu, 23 Juni 2025

Najmo wangu,

Nilitaka nife na jambo hili. Lakini mficha uchi hazai, na wewe umeshafika mlangoni.

Siku moja kabla ya nikaha yetu, ami yangu mkubwa alinivuta kando. Akaniambia nihesabu mababu zako, nikahesabu. Nilipofika kwa Shurie akanishika mkono. Akasema Shurie hakuwa mwana wa Guhad. Shurie alikuja mwaka wa ukame na mbuzi wachache, akitoka kwa watu wengine waliokuwa wametawanyika, akaomba maji kwenye kisima cha kina Guhad. Wakampa maji, wakampa na jina. Tangu hapo yeye na wanawe wakahesabu kwa babu wa wenye kisima. Watu wetu wana neno la hilo, sheegad, na wewe unajua wakilisema wanavyopinda mdomo. Ami akasema bado kuna muda wa kuahirisha harusi.

Nikamwambia naoa binti wa Dakane. Yeye na kisima chake wabaki Garissa.

Akaja harusini. Nilipohesabu nikafika jina la nne, nikamwona anatabasamu, anawatazama wenzake. Nikakohoa. Tabasamu likakosa pa kukaa, kwa sababu hakuna anayeweza kucheka jina ambalo halijatajwa. Nikaona hiyo ni dawa. Kila mkutano alipokuwapo nilikohoa. Akafa, Mungu amrehemu, tukahamia huku, lakini kila umati una mtu mmoja kama ami yangu, basi nikaendelea. Siku ya Idi nilimwona Mohamedamin akisubiri. Sijui kama anajua. Sikutaka kujaribu.

Sikukohoa kwa kusahau, Najmo. Jina hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote.

Sikukwambia kwa sababu nilidhani hujui. Nilisema, Dakane amemlea binti yake akitembea kichwa juu, mimi ni nani nimwinamishe? Nikajifanya mume mwenye kichwa kibovu. Kazi hiyo haikuwa ngumu.

Siku ile ya mvua niliingia ukumbini nikamkuta Bernadette akieleza watu waliobanwa kati ya wakubwa wawili, wakaazima babu wakapona. Nikakaa. Nilitaka kuona watu kama hao wanaishia wapi. Na nimeona: yule Donnchad niliyemtaja siku ya Idi alikwenda akakalia kiti cha Leinster chenyewe, na hakuna anayewapindia mdomo leo. Mito niliyochora ubaoni, Najmo, nilikuwa nakuchora wewe. Nilishindwa kukuletea nyumbani kwa sababu ningeanza wapi?

Jumamosi wazee watauliza habari za wajomba. Abdow atahesabu atakavyo, au nitakohoa, au tutasema yote. Uamuzi ni wako, nami nitafuata utakalosema.

Lakini Mohamedamin ajinunulie ndara zake.

Abdullahi


Kingstanding
Jumatano, 25 Juni 2025

Abdullahi,

Nilijua.

Baba alinikalisha chini usiku wa kuamkia harusi, saa zile zile labda ami yako alipokuwa anakushika mkono. Akanieleza habari ya Shurie, akaniapisha nisimwambie mume wangu, maana alisema mume akijua atanirudisha. Ndiyo maana kila ulipokohoa niliumia, na pale pale nikapumua. Niliumia kwamba hunijali, nikapumua kwamba leo nimepona. Miaka yote hii nimeishi na mtu anayenificha nisipate kuona kwamba ananificha, na mimi namficha yeye. Watu wawili chini ya shuka moja, kila mmoja anaivuta upande wake akidhani mwenzake amelala.

Na Bernadette, nilimwonea wivu kwa sababu alikaa kwenye kiti changu akahesabiwa mpaka juu bila kutetemeka. Kumbe naye mshono wake uko hapo hapo, na anausimulia darasani akicheka. Wivu haujaniisha. Umepungua kidogo, usijisifu.

Uamuzi wangu ni huu. Jumamosi Abdow ahesabu kama alivyohesabu babu Gedi, Shurie mwana wa Guhad, na asimeze neno. Guhad alitupa maji watoto wetu wakiwa wamekauka midomo. Aliyekupa kisima si baba wa uongo, na sitamkana kwa ajili ya midomo ya watu. Atakayetabasamu, mwache atabasamu. Na wewe usikohoe. Ukikohoa nitatoka jikoni na mwiko.

Bernadette mwalike. Akae kiti chochote isipokuwa kimoja.

Kesho ni Alhamisi. Usiende darasani. Njoo unichukue jioni, peke yako, usilete wazee, wazee wakija watahesabu. Njoo saa ya foleni, magari yanapojipanga kutoka hapa mpaka mjini na hakuna anayesogea. Baba alinifundisha mababu wa kweli wa Shurie, wale waliobaki nyuma na ukame, na tangu nilipoapishwa sijawataja kwa sauti mbele ya mtu. Ni wengi, foleni itatosha. Nitakuhesabia ndani ya gari, wewe utarudia baada yangu mpaka uwashike kama ulivyomshika Cerball.

Ukishawashika, ni wako na wangu. Ole wako Bernadette awasikie.

Mkeo,
Najmo